Mdai Wangu Kumbe Mtani

Kama gazeti la wiki jana ulilifungia samaki kabla hujalisoma, nakufupishia. Nilichukua friza dukani kwa mkopo wa kulipa kidogo kidogo, nikamwambia mama mkwe kwamba mwanawe, Apakuki wangu, kalinunua kwa pesa taslimu za kule Australia anakochuma matunda. Kisha Apakuki akaumia mgongo, kazi ikapungua, nami nikaanza kuruka malipo. Duka likauza deni langu kwa kampuni ya wadai. Wadai wakaanza kupiga simu.

Nilikuacha kanisani, mchungaji yuko katikati ya sala, simu inalia, na mimi nimeizima kwa kuikalia.

Usinihurumie sana. Wiki hii nimecheka kuliko nilivyolia, na hapo ndipo nilipojiponza.

Jumatatu asubuhi tulikuwa jikoni, mimi namenya muhogo, mama mkwe anakuna nazi. Jina lake Unaisi, ila mimi namwita Mama. Simu ikalia.

"Pokea," akasema.

"Ni watu wa matangazo hao, Mama. Wanauza bima."

"Kila siku asubuhi?"

"Wana bidii."

Akaendelea kukuna. "Ijumaa kuna mwanaume alinipigia mimi. Anakutaka wewe, kwa jina. Namuuliza, wewe nani? Ananiambia siruhusiwi kusema, mama, ni mambo yetu binafsi, mimi na yeye. Sauti nzito, ya kistaarabu."

Kisu kiliniponyoka. Nilijua kosa ni langu. Dukani waliniomba namba ya ndugu wa karibu, nikawapa yake. Na hawa watu wa kudai wana sheria yao: hawaruhusiwi kumtajia mtu mwingine deni lako. Basi wanasema ni mambo binafsi, wanakuacha uungue peke yako.

"Namba yake nimeihifadhi," Mama akasema. "Nimemwandika Mambo Binafsi."

Sasa nikuambie kwa nini sikusema ukweli palepale, yakaisha. Tangu niolewe, huyu mama aliniita "mke wa Apakuki". Nikiwa nimesimama mbele yake, ananiita mke wa Apakuki. Siku friza lilipoingia ndani, alilizunguka, akalifungua, akaingiza uso kwenye ule ubaridi, alipoutoa akaniambia, "Mwanangu, funga mlango, joto litaingia." Mwanangu. Nikaenda chooni nikalia. Tangu siku hiyo hakuniita vingine, na kanisani kawaambia wanawake wote kwamba mwanawe hakopi kama waume zao. Neno lile ndilo nililokuwa nalilinda. Friza lenyewe ni bati tu.

Tena Jumamosi tulikuwa tunavua nguo nyeusi za msiba wa baba mkwe. Kijiji kizima cha kwao, Naivirua, kinakuja, na ng'ombe wa wageni yumo ndani ya friza, vipande vipande.

Simu ikalia tena. Nikatoka nayo nyuma ya nyumba, kwenye tangi la maji.

"Bibi Taraivini, habari za asubuhi. Afisa Inosi hapa."

"Afisa Inosi, nilikuomba usinipigie asubuhi."

"Uliniomba nisikupigie usiku. Mchana hupokei. Mimi nibaki na saa ngapi?"

"Baki na zako."

"Ijumaa nakuja na lori kuchukua friza."

"Njoo Jumatatu. Jumamosi tunamaliza msiba wa baba mkwe. Kuna ng'ombe mzima humo ndani."

"Ng'ombe mtamtoa. Sisi letu ni friza."

"Nimtoe nimuweke wapi, kwa joto hili?"

"Bibi, kila ninayempigia ana msiba. Kuna bwana mmoja keshamzika bibi yake mara tatu, na huyo bibi ndiye aliyepokea simu."

Hasira zikanipanda. Na mtu wa kwetu akipandwa na hasira, swali la kwanza ni moja tu.

"Kwani wewe mtu wa wapi?"

Swali hilo kwetu halikwepeki. Waziri atalijibu, mwizi atalijibu mkono ukiwa dirishani. Nikamsikia anahema. Nadhani ofisini kwao wanakatazwa kusema.

"Vunikasa," akasema kwa sauti ya chini.

Wewe, niliruka. Vunikasa na Naivirua, kijiji cha mume wangu, ni watani tangu enzi za mababu. Sisi tunaita tauvu. Mizimu ya wazee wao na ya wazee wetu ni ndugu, kwa hiyo mtu wa Vunikasa namtukana nitakavyo, nikikipenda kitu chake nakichukua, naye haruhusiwi kununa. Akinuna kaaibisha kijiji kizima. Ni kweli mimi Naivirua nimeolewa tu, utani nimeuingia kwa mlango wa ndoa. Lakini si nimeshaingia?

"Vunikasa," nikasema. "Wale waliouza mtumbwi wakanunua kasia."

Nikasikia kiti kinalalamika upande wa pili.

"Samahani, bibi. Wewe umesema unatoka wapi?"

"Naivirua."

"Naivirua hii ya watu waliomhukumu pweza kifo, wakamtupa baharini azame?"

"Hiyohiyo. Na yule pweza ana akili kuliko mjumbe wenu wa shule."

Yule bwana alicheka mpaka akakohoa. Miezi yote ile ananipigia, sauti kama ya mtu anayesoma matokeo ya mtihani, kumbe ana kicheko cha mnadani. Nami nikacheka. Nikajishika kwenye tangi nisianguke.

"Mtani," nikamwambia, "hiyo Ijumaa yako nimeipenda. Naichukua."

Alijua nimemkamata pabaya.

"Bosi wangu ataniua," akasema.

"Unanuna?"

"Sijanuna. Nani kanuna? Chukua. Jina lako naliweka chini kabisa ya orodha mpaka Jumatatu."

Nilirudi jikoni nacheza. Mama akanitazama, akatazama simu, akarudi kwenye nazi yake.

Ungedhani simu zingekoma. Jumanne akapiga. Hakutaja deni hata kidogo. Alikuwa kakumbuka kwamba watu wa Naivirua huwafunga kuku wao miguu wakati wa tufani, asubuhi wanawakuta kuku wapo na mabanda yameondoka. Nikamjibu kwamba afadhali sisi tuna kuku, wao walisubiri yai la mjusi litotoe jogoo. Jumatano akapiga tena. Alhamisi simu ilichelewa, na nikuambie ukweli wangu, nilitoka nje mara kadhaa kuangalia kama ina mtandao.

Mimi, mtu aliyekuwa anaizima simu kwa kuikalia.

Tatizo ni dirisha la jikoni. Linatazama tangi. Mama aliona kila kitu: mkwe wake kaegemea tangi, simu sikioni, anacheka mpaka anapiga paja, mume yuko Australia na mgongo wake.

"Leo watu wa bima wamekuchekesha," akasema Alhamisi.

"Wana vichekesho hao, Mama."

"Siku hizi bima imekuwa tamu."

"Kidogo tu, Mama."

"Haya, mwanangu." Neno alilitoa, ila alilitoa taratibu, kama mtu anayehesabu chenji. Nikajiambia, vumilia, Jumatatu utatafuta njia ya kulipa na mambo yataisha.

Ijumaa watu wa Naivirua wakaingia. Mikeka ikatandikwa chini ya turubai, wanaume wakaanza kuchimba shimo la lovo la kuokea nyama kesho, wengine wakaanza kutwanga yaqona, mizizi ya kinywaji chetu cha heshima, kabla hata hawajaulizwa habari za safari. Wanawake tulikuwa kwenye muhogo na magimbi. Mama amekaa katikati na gauni lake jeusi la mwisho, anawaonyesha wageni friza kwa kidole kupitia mlango ulio wazi. Kila aliyepita aliambiwa, "Taslimu."

Lori likaingia kinyumenyume uani.

Akashuka mwanaume mfupi, mfupi kweli, sikutegemea sauti ile ikae kwenye kimo kile. Kavaa shati la maua na sulu, kikoi chetu cha ofisini, iliyopigwa pasi. Nyuma yake wanaume wawili wenye mabega. Nikajua ni nani kabla hajafungua mdomo.

"Naivirua mpo?" akapaza sauti. "Vunikasa tumefika. Tumeambiwa kuna pweza anahukumiwa."

Ua ulilipuka. Wanawake wakamvamia na makopo ya poda, ndivyo tunavyomkaribisha mtani, wakammwagia kichwani mpaka akawa mweupe kote. Mmoja akamvua viatu, akavivaa, akazunguka navyo akitembea kama bata. Mzee mmoja akampa yaqona kwenye bakuli kubwa la kutosha kumwogeshea mtoto. Akalinywa lote, akapigiwa makofi. Hakuna aliyeuliza kaja kufanya nini, kwa sababu mtani akifika kwenye shughuli yako haulizwi.

Nilimvuta pembeni kwa mkono wa shati.

"Ulisema Jumatatu."

"Uliichukua Ijumaa ya Afisa Inosi," akasema, poda ikimdondoka kwenye nyusi. "Afisa Inosi hayupo hapa. Aliyekuja ni Inosi wa Vunikasa. Hadai. Anachukua."

"Huo ni ushetani."

"Mtani, simu za kazi zinarekodiwa, hata hizi za mkononi. Bosi wangu amezisikiliza zote. Amecheka, amefuta machozi, kisha akaniambia, kama yeye ana haki ya kuchukua, na wewe unayo. Lete hilo friza leo au usirudi kazini." Akapunguza sauti. "Nina watoto, Taraivini. Sikutaka iwe hivi."

"Nina mama mkwe," nikamwambia.

Tukatazamana. Kisha akageuka, akafungua mikono, na ile sauti nzito ikatoka.

"Watani zangu, naliona friza pale ndani. Nimelipenda."

Vicheko vikapanda mpaka juu ya turubai, kisha watu wote wakageuka kumtazama Mama. Na mimi nikamtazama. Nikamwomba Mungu amtie uchoyo, hata kidogo tu.

Mama akasimama. Akakunjua mgongo. Sijawahi kumwona mrefu vile.

"Chukueni," akasema. "Mwanangu kalinunua taslimu, atanunua lingine. Naivirua hatununi."

Kelele za shangwe zikapigwa mpaka majirani wakatoka nje. Wazee wakatikisa vichwa kwa fahari. Friza jipya kabisa, linatolewa hivihivi, mkono mkunjufu. Habari hiyo ingesimuliwa Naivirua mpaka wajukuu.

"Mwanangu," akaniambia, "lete mabeseni, mtoe nyama."

Mtani huchukua kilicho chako. Friza lile halikuwa letu, lilikuwa la duka, na sentensi moja tu kutoka kinywani mwangu ingesimamisha yote. Nilikuwa nayo pale ulimini. Nikaenda kuleta mabeseni.

Ng'ombe akatoka vipande vipande, vingine vikaenda kwa jirani wa kulia, vingine kwa wa kushoto, nyama nyingine ikafunikwa kwa majani ya ndizi na maombi. Wenye mabega wakalibeba friza wakiimba. Wakalipandisha kwenye lori, wakalifunga kamba. Inosi akanipita karibu akanong'ona, "Nisamehe, mtani," na kusema kweli nilimwona kama mtu anayetaka kulia chini ya poda yote ile.

"Subiri," Mama akasema.

Akalizunguka lori. Polepole, kama alivyolizunguka friza siku ile. Akapiga tairi teke.

"Lori zuri hili, mtani."

Inosi akasimama.

"Nimelipenda," Mama akasema.

Jamani. Watu walianguka kwenye mikeka. Mwanamke mmoja alikaa juu ya magimbi yaliyomenywa na hakuinuka. Inosi anatabasamu, lakini tabasamu limemganda, na jasho linachora mistari kwenye poda.

"Mama, hili lori," akaanza.

"Lina nini?"

Akanitazama. Nikamtazama. Lori si lake, ni la ofisi. Akisema ni la ofisi ataulizwa ofisi gani, na ofisi yenyewe hana ruhusa ya kuitaja. Akinuna, Vunikasa nzima imenuna. Yule mtu alikuwa amekwama palepale nilipokwama mimi, na nitakuwa mwongo nikisema sikufurahi. Nilifurahi mpaka visigino.

Akatoa funguo mfukoni, akaziweka kwenye kiganja cha Mama.

"Limechukuliwa," akasema, sauti imekwisha.

"Pamoja na kilichomo," Mama akasema. "Sijaona kitu kikishuka."

Friza likawa letu tena. Nikapiga yowe, nikamkumbatia mwanamke wa karibu, nikagundua ni mke wa mchungaji, nikamkumbatia tena. Wanaume wakaanza kupiga ngoma kwenye ndoo. Hata wale wenye mabega walicheka, hao kazi zao hazikuwa hatarini.

"Na simu hiyo," Mama akasema.

Simu ya Inosi ilikuwa imechungulia kwenye mfuko wa shati. Akaitoa mwenyewe bila kubisha. Alishazoea.

Mama akaishika kwa mkono wa kushoto. Kisha kwa mkono wa kulia akatoa simu yake mwenyewe kifuani, akawa anaibonyeza kwa kidole kimoja bila haraka.

"Sauti yako, mtani," akasema. "Tangu umeshuka kwenye lori najiuliza nimeisikia wapi."

Simu ya mkono wa kushoto ikalia.

Waliokuwa karibu wakanyamaza kwanza, kisha wa nyuma yao, mpaka wa kwenye ndoo. Ikabaki simu inalia mkononi mwake, na kwenye simu ya pili, mimi nikiwa karibu niliyaona maandishi: Mambo Binafsi.

"Taraivini," akasema.

Hakusema mwanangu. Jina langu alikuwa hajawahi kuliita tangu niingie nyumba ile.

"Huyu ni nani kwako?"

Nikamgeukia Inosi. Nilimwomba kwa macho aseme. Aseme deni, aseme friza, aseme chochote. Naye, Mungu amsamehe, alisema kitu pekee ambacho kazi yake inamruhusu kusema mbele za watu.

"Mama, siruhusiwi. Ni mambo yetu binafsi, mimi na yeye."

Mke wa mchungaji akaniachia mkono.

Nilikuwa na majibu mawili. Nikikaa kimya, naondoka pale bila mume. Nikisema, naondoka bila lile neno. Unaweza kudhani ni rahisi kuchagua. Nilichelewa kuliko mke mwema anavyotakiwa kuchelewa.

"Mama," nikasema, na kila mtu akasikia. "Friza halijalipwa. Apakuki hakulinunua, nililikopa mimi. Huyu ndiye anayenidai."

Hakuna aliyecheka. Mama alinitazama, akamtazama Inosi kuanzia nywele za poda mpaka miguu isiyo na viatu, kisha akanitazama mimi tena.

"Afadhali ungeniambia ni hawara," akasema. "Hawara ningemficha. Friza nimelitangaza kanisani."

Akarudisha simu zote mbili kifuani, yake na ya Inosi. Akakusanya gauni lake jeusi mkononi, akakanyaga ngazi, akapanda kwenye kiti cha dereva. Wazee wa Naivirua wakatazamana. Mimi sikuwahi kujua kama mama mkwe anaendesha hata baiskeli.

Lori likanguruma mara ya kwanza, bila kusita. Kumbe kuna mambo mengi sijui.

"Mtani," Inosi akaita, anakimbia na sulu kaishika kiunoni, "mama, kazi yangu, tafadhali, si utani tena."

Mama hakumtazama. Alisogea, akafungua mlango wa upande wangu kwa ndani, akausukuma kwa mguu.

"Panda," akaniambia.

Panda tu. Hakuweka mwanangu mbele yake, wala mke wa Apakuki nyuma yake. Nikapanda na kisu changu cha muhogo mkononi.

"Tunakwenda wapi, Mama?"

Akatafuta gia.